Msamaha wa kodi haurithiwi pamoja na gari

Ukiishi Tunduma huwezi kuyakwepa magari. Kila siku yanaingia magari ya IT kutoka bandari ya Dar es Salaam, yamekula vumbi la zaidi ya kilomita 900, karatasi zimebandikwa kwenye kioo, madereva wana haraka ya kuvuka Nakonde ili magari yaende Zambia na Kongo. Malori nayo yanapanga foleni barabarani tangu asubuhi. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019 na foleni bado tunaiona. Kwa hiyo hapa kwetu hata mama anayeuza chapati kando ya barabara atakuambia bei ya Noah, atakuambia na nani anauza.

Kutokana na mazoea hayo tumekuwa na lugha yetu. Tunasema gari hili "limelipiwa", lile "halina kodi". Anayesema gari halina kodi husema kwa sauti ya kusifia, kana kwamba gari limezaliwa hivyo na litabaki hivyo. Maneno hayo mawili, "halina kodi", karibu yaugawe ukoo wetu mwaka jana. Ndiyo maana nimeona niyaandike, maana najua si sisi peke yetu.

Mimi nafanya biashara ya mchele. Naununua Kamsamba wakati wa mavuno, nauhifadhi, nauza hapa mjini kidogo kidogo. Mume wangu ni mwalimu. Hatukuwahi kuwa na gari, na kwa muda mrefu hatukuona shida. Shida ilianza mama mkwe alipoanza kliniki ya figo Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, na mtu mzima wa miaka 74 mwenye miguu iliyovimba huwezi kumbana kwenye Costa, akae na mizigo magotini, asimame Vwawa, asimame Mlowo, asimame Mbalizi. Kila akirudi alikuwa analala siku mbili nzima. Tukakubaliana kwamba tutafute gari. Nilikuwa na akiba ya shilingi milioni 16, faida ya misimu mitatu ya mpunga. Mume wangu angekopa milioni 12 kwenye SACCOS ya walimu. Jumla milioni 28.

Wakati huohuo shemeji yetu, mume wa wifi yangu, alikuwa amerudi kutoka Uingereza. Aliishi huko miaka tisa. Alirudi na vyombo vyake vya nyumbani na gari lake, Nissan Leaf la umeme la mwaka 2021. Jamani, gari lilikuwa zuri. Lilikuwa na kilomita 31,000 tu, viti havina hata doa, likiwashwa hulisikii. Watoto walilifuata barabarani wakilishangaa kwa sababu halikohoi. Shemeji alilichaji usiku nyumbani kwake Vwawa. Betri yake ni ya uniti 40, na kiwandani wanasema likijaa linakwenda kilomita 270. Kwa milima yetu tungehesabu pungufu, lakini kwenda Mbeya lilitosha kabisa. Alipiga hesabu ya LUKU akasema kujaza betri ni kama shilingi 14,000. Mtu aliyezoea bei ya petroli anasikia hesabu hiyo anatabasamu.

Shemeji alikuwa anajenga nyumba ya wageni Vwawa, na fedha zilimkatikia kwenye kuezeka. Akamwambia mume wangu: "Shemeji, chukueni gari kwa milioni 28. Halina kodi, niliingiza kwa msamaha. Mngeagiza wenyewe mngelipa mara mbili. Faida niliyopata mimi nanyi mnaipata."

Mume wangu alirudi nyumbani anacheka. Nami nilifurahi. Lakini mimi ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara akiambiwa bei ni ndogo huuliza imepunguzwa na nani. Kwenye mchele bei ikiwa ya chini sana ujue kuna maji, kuna mawe au kuna mwenye mali ambaye bado hajalipwa. Hapa sikuona maji wala mawe.

Jirani yetu ni wakala wa forodha. Tunduma hii mawakala wa forodha ni wengi kama mafundi cherehani. Nilikwenda jioni nikamsalimia, nikamweleza bila kutaja mtu. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, msamaha ulitolewa kwa nani?"

Nikamjibu kwamba aliyepewa ni mtu aliyerudi kutoka nje.

Akasema: "Basi msamaha ni wa mtu huyo. Gari limepita tu chini ya jina lake."

Alinieleza taratibu, nami nitaeleza kama nilivyoelewa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Sheria hiyo inamruhusu mtu anayehamia au anayerudi kuishi nchini aingize gari lake bila kulipa ushuru, kwa masharti. Moja kubwa ni kwamba gari awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa angalau miezi 12, bila kuhesabu siku ambazo gari lilikuwa melini. Ukiyatazama masharti hayo unaona nia yake. Serikali inamwambia mtu: umehamisha maisha yako, hatukutozi kwa sababu ya kuhama na vitu vyako. Haimwambii aje afungue duka la magari. Ndiyo maana sheria hiyohiyo inasema kitu kilichosamehewa kikiuzwa kwa mtu asiye na haki ya msamaha, ushuru unadaiwa siku hiyo ya kuuzwa, tena kwa viwango vya siku hiyo. Kikiuzwa kimyakimya bila kulipiwa, kinaweza kutaifishwa.

Nikamwuliza ni kiasi gani. Akachukua kalamu. Gari la abiria lililotumika hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani yake. Kisha VAT asilimia 18, nayo haihesabiwi kwenye thamani peke yake bali juu ya thamani pamoja na ule ushuru. Kwa hiyo kila milioni 10 za thamani zinazaa ushuru wa milioni 2.5, na VAT ya milioni 2.25 juu ya milioni 12.5. Jumla milioni 4.75, kabla ya tozo nyingine. Gari likithaminiwa milioni 30, unazungumzia milioni 14 na robo. Na hapo, alisema, mshukuru kwamba gari bado changa, maana magari yaliyozidi miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na yakizidi miaka 10 asilimia 30.

Nilirudi nyumbani nikahesabu tena kwenye daftari la mchele. Milioni 14 ni karibu akiba yangu yote ya misimu mitatu. Gari la milioni 28 lilikuwa gari la milioni 42, na hizo 14 zilikuwa zimesubiri kimya tu.

Usiku ule nilimpigia mdogo wangu aliyeko Marekani, maana naye nilikumbuka aliwahi kuniambia habari za msamaha wa gari la umeme lililotumika. Alicheka. Akasema kwao kulikuwa na sheria ya Agosti 2022 iliyompa mnunuzi wa gari la umeme lililotumika nafuu ya kodi hadi dola 4,000, isizidi asilimia 30 ya bei. Lakini masharti yake! Bei isizidi dola 25,000. Ununue kwa muuzaji wa magari aliyesajiliwa, siyo kwa jirani wala shemeji. Kipato chako kisizidi dola 75,000 kwa mwaka kama uko peke yako. Gari liwe la toleo la angalau miaka miwili nyuma, na liwe halijawahi kuuzwa tena kwa mtu mwingine tangu sheria ilipopita. Yeye mwaka 2024 alitamani gari la 2023 lililokuwa karibu jipya. Akakuta halimo popote. Nafuu ya gari jipya, iliyofika dola 7,500, ilikuwa ya mtu wa kwanza kulitumia. Nafuu ya gari lililotumika ilitaka gari kuukuu zaidi. Gari zuri lililo katikati likakosa kote. Akachukua la 2021 kwa dola 22,000 na akakatiwa zile 4,000 palepale dukani. Hata hiyo nafuu sasa imekwisha, ilifungwa Septemba 30, 2025.

Nilichokipata kwenye simu ile ni hiki: huko kwao mnunuzi wa pili alikuwa na nafuu yake mwenyewe, yenye masharti yake. Hakuirithi kwa mnunuzi wa kwanza. Hapa kwetu mnunuzi wa pili hana nafuu yoyote, na asipouliza anaweza kurithi deni. Nchi mbili tofauti kabisa, lakini kote wanauliza jina la mtu kwanza, gari baadaye.

Sasa kazi ikawa kulisema jambo hili nyumbani. Wanawake wenzangu mtanielewa. Mke aliyeolewa kwenye ukoo akianza kumdai mume wa wifi yake karatasi za gari, anaonekana anamwita mwizi. Mume wangu alininyamazia siku nzima. Kisha akasema: "Unataka nimwambie dada yangu simwamini mumewe?" Nikamjibu: "Mwambie tunataka kununua kama watu wanaotaka kubaki ndugu." Hatukuelewana usiku ule.

Tulimpelekea habari baba yake mdogo, mwalimu mstaafu anayeishi Mlowo. Mzee huyu hana maneno mengi. Alitusikiliza, akasema mali bila daftari hupotea bila habari, na akatuita wote Jumapili kwake. Nilimwamkia shemeji kama kawaida, akaitikia akitazama pembeni.

Mzee ndiye aliyeomba karatasi. Shemeji akazitoa: kadi ya gari, hati za meli na tamko la forodha, lile tunaloliita tansadi. Kwenye upande wa ushuru kulikuwa na sifuri, na msamaha umeandikwa kwa jina lake. Shemeji akauliza kwa uchungu, "Kwani mimi nimeiba?" Hapo ndipo nilipoona jinsi lugha yetu ya mpakani inavyotuumiza. Hakuiba chochote. Alifuata sheria kutoka mwanzo hadi mwisho, alilimiliki gari lake huko kwa zaidi ya mwaka, alilitangaza bandarini, akapewa haki yake. Nikamwambia hivyo mbele ya wote, kwamba karatasi zake ni safi kuliko za magari mengi tunayoyaona Tunduma. Kinacholeta deni ni kuliuza. Uso wake ukalegea kidogo.

Lakini kulikuwa na jambo jingine alilokuwa amelisikia kwa rafiki zake. Akapendekeza: "Basi tusihamishe kadi. Gari libaki kwa jina langu, ninyi mnilipe, tuandikiane karatasi ya mkononi, mlitumie tu. Nani atajua?"

Ndugu msomaji, pendekezo hili ndilo linalozoeleka zaidi, na ndilo lililonitisha kuliko lile la kwanza. Nilimwomba ruhusa mzee nikasema wazi. Tutatoa milioni 28, halafu mwenye gari kisheria bado ni shemeji. Akidaiwa na mtu wa mabati, gari litahesabiwa ni mali yake. Mungu apishe mbali, lakini akifariki, gari linaingia kwenye mirathi, na watoto wa wifi yangu watatuuliza kwa haki kabisa kwa nini tunaendesha gari la baba yao. Tukimgonga mtu njiani, anayetafutwa ni mwenye kadi, yaani shemeji. Bima imekatwa kwa jina lake, nasi tutakwenda kudai kwa jina la nani? Na siku tutakapotaka kuliuza tutalazimika kumrudia yeye, na lile deni la forodha litakuwa linatusubiri palepale tulipoliacha. Karatasi ya mkononi ingetufunga sisi na yeye tu. Serikali, mdai na mrithi hawakuwemo kwenye karatasi ile.

Wifi yangu aliinuka akatoka nje. Mume wangu akanitazama, sikujua ananilaumu au ananiunga mkono. Mzee akasema: "Jumatatu mwende wote mamlaka ya mapato, mkaulize kwa mdomo wenu. Msitumiane."

Tulikwenda wanne. Afisa aliyetupokea hakutushangaa hata kidogo, inaonekana si sisi wa kwanza. Alitueleza lilelile la wakala: mwenye msamaha anaruhusiwa kuuza, ila aandike kutoa taarifa, gari lithaminiwe, kodi ilipwe, ndipo umiliki uhamishwe. Hakuna kosa mahali popote katika njia hiyo. Alitaja jambo moja zaidi lililotusaidia, kwamba mnunuzi angekuwa na haki ya msamaha kwa sifa zake mwenyewe, hesabu ingekuwa nyingine. Watu wenye ulemavu, kwa mfano, wana kipengele chao ndani ya sheria hiyo. Sisi hatukuwa na sifa yoyote. Tathmini ikafanyika, na makadirio yakapita milioni 14.

Hapo kila mtu alikuwa na ukweli mbele yake, na cha ajabu hasira zikapungua. Shemeji alipiga hesabu. Akilipa kodi kutoka kwenye milioni 28 zetu, anabaki na 14, na gari lake limekwenda kwa nusu ya bei. Sisi tukiongeza hizo 14, hatuna. Akaamua asiuze. Nyumba ya wageni akaiezeka upande mmoja kwanza, vyumba vinne vikaanza kuingiza fedha.

Nasi tulinunua Toyota Passo kwa muuguzi mmoja wa Mlowo, gari dogo, injini chini ya 1,000cc. Ni gari kuukuu, rangi imepauka mlango mmoja, na petroli tunaijaza kama wenzetu. Lakini kodi zake zililipwa siku lilipoingia, karatasi tuliziona kabla ya kutoa hata senti, na kadi ilihamishwa kwa jina la mume wangu wiki ileile. Mkopo wa SACCOS hatukuuchukua wote. Milioni 5 zilizobaki kwenye akiba yangu ndizo nilizonunulia mpunga msimu huu.

Wifi yangu alikaa miezi miwili bila kunipigia. Sikumlaumu. Alikuwa ametegemea bati za nyumba yake. Siku moja Passo letu lilikuwa kwa fundi na mama alikuwa na kliniki asubuhi. Wifi alipiga simu mwenyewe, akasema mumewe atakuja na Leaf saa kumi na moja alfajiri, mama awe tayari. Walikwenda na kurudi, mama akasema gari lile halitikisi mgongo. Tangu hapo kliniki moja tunampeleka sisi, nyingine shemeji. Mama anapanda gari la msamaha bila wasiwasi, maana anayeliendesha ni yuleyule aliyesamehewa.

Wapo wanaoniambia niliwatisha watu bure, kwamba Tunduma magari mangapi yanatembea kwa makubaliano ya mkononi na hakuna anayekamatwa. Inawezekana. Lakini hao hawakupewa dhamana ya akiba ya misimu mitatu na miguu ya mama mkwe. Mimi ningeliendesha gari lile nikishtuka kila kizuizini.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, na wewe baba unayesoma, mkiletewa gari zuri lililo karibu jipya kwa bei ya kushangaza, na mkaambiwa halina kodi, ulizeni kwa upole mambo machache kabla ya kutoa fedha. Gari liliingia kwa jina la nani? Lililipiwa au lilisamehewa, na tansadi iko wapi? Kama ni la IT, je, halikutakiwa kuvuka mpaka? Maana hilo si la msamaha, hilo lilipita kwa ajili ya nchi nyingine, na likiuzwa huku ni magendo. Kama lilisamehewa, kodi ya kuliuza atalipa nani, na imekadiriwa na nani? Tumieni pia kikokotoo cha magari kilichoko kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, hata mtoto wa sekondari anaweza kuwasaidia. Mkatae kabisa kuendesha gari mlilolinunua likiwa na jina la mtu mwingine.

Na kama muuzaji ni ndugu, msimwulize kwenye simu. Mwiteni mzee mmoja, mkae, karatasi ziwekwe mezani. Sisi ndivyo tulivyofanya, na Jumapili iliyopita wifi yangu alikuwa kwetu anakula wali wa Kamsamba.